Kaizari Kipofu

Maiti ililazwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Zotiko tangu alipoinama kuingia karakana.

Mtu aliyepigwa nyundo kisogoni huanguka ovyo: mkono huku, mguu kule, uso mavumbini. Hermogene, mchongaji wa mihuri ya sarafu, alikuwa amelala chali kando ya fuawe, miguu pamoja, mikono kifuani, macho yamefumbwa, taya limefungwa kwa kitambaa chake mwenyewe cha kufutia jasho. Damu ilikuwa nyuma ya kichwa tu, na hata hiyo mtu alikuwa ameimwagia majivu.

"Umeshaona," Menekrati alisema kutoka mlangoni. "Sasa toka."

Menekrati alikuwa mkuu wa mji wa Ordanda mwaka huo, na ndiye aliyejitolea shaba ya kupigia sarafu za sikukuu ya Mama wa Mlimani. Upande mmoja wa kila sarafu alikaa Mama na simba wake, na jina la Menekrati likawazunguka kama uzio. Upande wa pili alikaa Kaizari na taji lake la majani. Sasa mwenye jina alisimama kizingitini, kakunja upindo wa joho usiguse majivu.

"Bado sijaona, bwana," Zotiko akasema.

"Nani kakuweka uwe mkuu wa walinzi wa amani?"

"Baraza."

"Na baraza ni nani?"

Hata punda wa sokoni walijua kwamba baraza la Ordanda ni Menekrati na mashemeji zake.

"Basi nisikilize," Menekrati akaendelea. "Watu wa Lorasa wamevuka mto. Mtumwa wa huyu marehemu, yule Amia, kawafungulia mlango. Wameua, wamechukua muhuri wa Kaizari, wametokomea. Fuawe tupu, huioni? Unataka uandikiwe ukutani?"

Fuawe ilikuwa tupu kweli. Katikati yake, pale muhuri wa chini ulipopachikwa, palibaki tundu. Muhuri wa juu, wenye Mama na simba, ulikuwepo bado juu ya benchi, kwa kuwa ule ulikuwa mali ya mji. Wa chini, wenye uso wa Kaizari, ulikuwa mali ya Hermogene. Aliubeba ndani ya ngozi ya mbuzi kutoka mji hadi mji, kama baba yake alivyoubeba wa kwake. Ikiisha sikukuu ya Ordanda, angevuka mto kwenda kuwapigia Lorasa za kwao. Miji yote miwili ililijua jambo hilo, na hakuna uliopenda kulisikia. Watu walioweza kupigana mawe kwa sababu ya nani akae mbele kwenye michezo ya liwali, walikuwa wakimtoa Kaizari wao kwenye kipande kimoja cha chuma.

"Adhuhuri askari wa liwali atafika kwa ajili ya sikukuu," Menekrati akasema. "Atamchukua mtumwa. Bwana akiuawa nyumbani mwake, watumwa huulizwa kwa moto, na wakishaulizwa huuawa. Sheria si yangu mimi."

"Ana mtoto wa kunyonya."

"Mtoto ataingia kwenye hesabu ya mali. Zotiko, usinichoshe."

Zotiko alipiga magoti karibu na maiti. Kitu kikamchoma kwenye goti. Alikichomoa: kipande cha chuma kidogo kama punje ya dengu, kigumu, upande mmoja umevunjika ovyo, upande mwingine umechongwa kiduara kidogo kizuri. Hakujua ni kitu gani. Alikitumbukiza ndani ya mkanda wake, akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha taya.

"Acha hapo," sauti nzito ikasema.

Alikuwa Trofimo, mpiga nyundo. Hermogene alichonga na kushika muhuri wa juu, Trofimo akapiga. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu walipokuwa na nywele nyeusi. Alikuwa ameketi juu ya gogo pembeni, mabega kama lango la ng'ombe, mikono imelala mapajani kama mizigo ya mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa mzee wa chama cha wafua shaba, na chama ndicho kingemzika marehemu.

"Nauli ikishawekwa haiguswi," Trofimo akasema. "Hata mlinzi wa amani anazikwa siku moja."

"Nauli gani?" Menekrati akauliza kwa ukali, akageuka kumtazama.

Trofimo akainamisha kichwa.

Zotiko alifungua kitambaa. Taya liliachia, na juu ya ulimi wa Hermogene ikaonekana sarafu mpya, inang'aa kama yai la kuchemsha lililomenywa. Aliitoa kwa vidole viwili, akaifumba kiganjani kabla mtu hajaona zaidi ya mng'ao.

Menekrati aliukazia macho mkono uliofumbwa. Kisha akacheka.

"Haya. Mwizi wa Lorasa hawezi kumwekea nauli ya kivuko mtu aliyemuua. Atajali nini kama roho yake inavuka mto wa wafu au inabaki inalia ukingoni? Aliyeweka ni wa nyumbani. Alikula chumvi yake, akamsaliti, kisha akaogopa kuzingirwa na mzimu wake. Umenitafutia ushahidi mwenyewe. Irudishe mdomoni, chama kimzike."

"Nitairudisha makaburini, bwana."

"Utairudisha sasa."

"Makaburini," Zotiko akasema, akatoka. Alipompita, Menekrati alitema mate chini, si mbali na kiatu chake.

*

Amia alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya chini ya ukumbi wa michezo, mahali pa kuwekea vizimba vya wanyama. Mlinzi aliyesimama mlangoni alikuwa akimtupia maganda ya vitunguu kupitia kwenye nondo. Zotiko alimtazama tu, na mlinzi akaacha, ila kwa polepole, ili ijulikane hakuogopa.

Mwanamke alikuwa amekaa na kumpa mgongo mlango, mtoto kifuani, shali imewafunika wote wawili.

"Amia."

"Subiri ashibe. Mkishaanza kunichoma maziwa yatakauka."

Zotiko alisubiri. Mtoto alinyonya kwa kelele, hana habari na liwali wala sheria. Alipoachia, mama alimweka begani, akageuka. Alikuwa msichana bado, macho yamevimba, kidevu juu.

"Uliza uondoke."

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Kwa wafinyanzi, nyuma ya lango. Waulize, kama kuna atakayethubutu kukujibu. Alinituma bwana nikalale huko."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya mtoto. Nyundo ikianza, mtoto anaruka kila pigo kama samaki kwenye kikaango. Bwana alisema, 'Mpeleke, leo tutapiga hata baada ya taa.' Alikuwa amenuna. Hakupenda kupiga kwa taa."

"Alisema hivyo? Tutapiga?"

"Masikio yangu mazima. Bado hamjayakata."

"Alikuwa amenuna kwa sababu gani?"

"Mtumwa haambiwi sababu. Siku mbili hizo alikuwa anaukodolea muhuri kama mama anavyokodolea upele wa mwanawe. Anaupitisha ukucha. Anasema, 'Amechoka, huyu mzee, amechoka.' Nikadhani anajisema mwenyewe."

"Asubuhi ulipomkuta, alikuwa amelazwa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Nilipiga kelele, wakaja, wakanifunga. Ndio mazishi niliyomfanyia."

"Nauli ulimwekea wewe?"

Amia alicheka kicheko kisicho na maji. "Mimi? Shaba niitoe wapi? Kama ningekuwa na shaba moja mpya, ningemnunulia huyu maziwa ya mbuzi, na bwana angenisamehe. Alikuwa mchongaji wa pesa, lakini hakuwa mtu wa pesa." Akamwangalia moja kwa moja. "Wewe unakuja kuuliza ili upate usingizi. Ukitoka hapa utasema ulifanya uwezalo. Nenda."

Zotiko alimwambia mlinzi amletee maji, akasimama pale mpaka maji yakaletwa.

*

Apfia alikuwa na meza ya kubadilisha fedha chini ya ukumbi wa nguzo, kwa mkataba na mji. Hakuna mtu mwingine Ordanda aliyeruhusiwa kugeuza fedha kuwa shaba wala shaba kuwa fedha. Kila jioni wakati wa kazi ya sarafu, mkoba wa siku ulifungwa kwa lakiri na kuletwa kwake. Alikuwa mjane mnene, mwenye pete nyingi, na ulimi ambao wateja walisema unakwangua shaba mpaka inabaki na uzito wa nusu.

"Naomba kuiona mikoba ya Hermogene," Zotiko akasema.

"Unaomba au unaamuru? Anayeomba huja na kitu mkononi. Anayeamuru huja na mkubwa wake."

"Mama Apfia..."

"Usiniite mama. Sikukuzaa, na ningekuzaa ningejuta. Kaka yangu mpaka leo yuko machimboni anakohoa vumbi kwa sababu yako."

"Kaka yako aliiba."

"Aliiba, ndiyo. Ndiyo maana nakuchukia. Ungemsingizia ningekudharau tu." Akaendelea kupanga sarafu zake. "Sogea, unanizibia wateja."

Zotiko alifungua kiganja, akaitua sarafu ya marehemu mezani.

Apfia aliitupia jicho. Mkono wake ukairukia na kuifunika haraka kuliko mtu anavyofunika uchi wa mtoto wake.

"Umeitoa wapi hii?" Sauti yake ilishuka hadi kunong'ona. "Una wazimu? Unaiweka kwenye meza yangu, mchana, mbele za watu?"

"Unaona nini?"

"Naona msalaba nitakaotundikwa. Kule bondeni kuna mtu alifungwa kwa kuingia chooni na uso wa Kaizari kwenye pete. Na wewe unaniletea Kaizari kipofu."

Ndivyo alivyokuwa. Taji, pua na ndevu vilikuwa vizuri, kazi ya Hermogene isiyo na shaka. Lakini pale palipopaswa kuwa na jicho palivimba donge la shaba, kama kovu la ndui, na kutoka kwenye donge mstari mwembamba ulipanda hadi kwenye majani ya taji.

"Ilikuwa kwenye mkoba wako?" Zotiko akauliza.

"Kwangu? Ningeipokea mimi hii? Jana nilipokea mkoba wakati wa kuwasha taa. Nilimwaga zote, nikazipitia moja moja, kama kawaida, halafu nikaweka lakiri yangu juu ya lakiri ya mkuu wa mji. Hii haikuwemo."

"Nionyeshe."

"Kwa nini nikuonyeshe?"

"Kwa sababu nikitoka hapa bila kuona, nitalazimika kumweleza askari wa liwali kwamba sarafu hii niliiacha mezani kwako ukaifunika kwa mkono wako mwenyewe."

Apfia alisonya. "Mungu akupe mkwe mwenye roho kama yako," akasema, akainama chini ya meza kuvuta mikoba.

Alizimwaga sarafu juu ya kitambaa nyuma ya nguzo, mkoba mmoja baada ya mwingine, tangu ule wa kwanza wa kazi. Za mwanzo zilikuwa safi: shavu la Kaizari laini kama la bwana harusi. Zotiko alizisogeza pembeni, akachukua za mkoba uliofuata. Hapo, kwenye jani la taji, ilitokeza nywele moja ya shaba, iliyoinuka kidogo. Alipitisha ukucha. Ukakwama.

"Ufa," Apfia akasema, bila kupenda. "Chuma kikipasuka, shaba huingia kwenye ufa. Kwenye muhuri ni bonde, kwenye sarafu ni mlima."

"Na ufa haurudi nyuma."

"Umeona mvi zikirudi nyuma?"

Aliendelea kuzipanga. Kadiri mikoba ilivyosogea, nywele ile ilishuka: ikatoka kwenye jani, ikavuka paji, ikafika kwenye nyusi. Katika mkoba wa jana, ule uliopokelewa wakati wa kuwasha taa, ilikuwa imegusa kope. Lakini jicho lilikuwepo. Katika sarafu zote za mkoba ule, Kaizari alikuwa bado anaona.

Zotiko alitoa kile kipande cha chuma kwenye mkanda wake. Akakigeuza. Kiduara kilichochongwa kilimtazama kutoka kwenye ncha ya kidole: mboni, na kope yake. Alikiweka kando ya donge la sarafu, upande uliovunjika juu. Vikafanana kama mapacha.

"Mama wa Mlimani," Apfia akanong'ona. "Ndilo jicho lenyewe."

"Kwa hiyo baada ya wewe kupokea mkoba, walipiga tena. Na muhuri ukavunjika."

"Kwa taa? Hermogene? Asingekubali kupiga na ufa uliofika kwenye kope. Mtu gani angemlazimisha..." Akakomesha maneno pale pale. Akaanza kuzirudisha sarafu mkobani, haraka, bila kumtazama. "Mimi sijasema neno. Ukinitaja nitakukana mbele ya Mama na simba wake wote wawili."

"Ni nani aliyetangaza kwamba kesho atawarushia watu sarafu nyingi kuliko zilizorushwa Lorasa?"

"Nimekwambia sogea. Unanizibia wateja."

*

Adhuhuri, jeneza lisilofunikwa lilikuwa limefika kwenye Lango la Makaburi. Wafua shaba walilibeba mabegani, Trofimo mbele upande wa kulia. Wapiga filimbi walikuwa wameshaanza. Kando ya barabara nusu ya mji ilisimama, si kwa huzuni. Walikuja kumwona mtumwa. Amia alisimama kafungwa kamba mkononi, mtoto amefungwa mgongoni, na mwisho wa kamba ulishikwa na askari wa liwali, mtu mfupi aliyekaushwa na jua, ambaye lugha ya pale aliisema kama anatafuna kokoto. Menekrati alikuwa karibu naye, akimweleza jambo kwa tabasamu.

Zotiko alisimama katikati ya barabara.

"Shusheni."

"Pita huko," mmoja wa wabebaji akasema. "Marehemu hasimamishwi njiani."

"Nimechukua nauli yake. Nairudisha."

Hilo halikuwa na ubishi. Wakashusha, wakinung'unika. Mtu mmoja katika umati akasema kwa sauti, "Leo Zotiko kawa kuhani. Kesho atakuwa mkunga." Watu wakacheka.

"Fanya upesi," Menekrati akasema.

Zotiko hakumwangalia. Alimwangalia Trofimo.

"Mzee Trofimo. Asubuhi uliniambia nauli ikishawekwa haiguswi."

"Nilisema. Na bado nasema."

"Ulisema kabla sijamfungua taya. Ulijuaje kama kuna nauli? Mtu kauawa karakanani, hajaoshwa, hajaliliwa. Nauli huwekwa baada ya kuoshwa. Bwana mkuu wa mji hakujua. Alikuuliza, 'Nauli gani?' Nilimsikia. Mimi sikujua. Wewe ulijua."

Filimbi zilinyamaza, moja baada ya nyingine.

"Nilikisia," Trofimo akasema. "Taya lilifungwa."

"Huyu amemaliza watumwa wa kuwasumbua," Menekrati akamwambia askari, "sasa anawasumbua wazee wa vyama. Mchukue mtumwa, ndugu. Jua kali."

Askari akaivuta kamba. Amia alijikwaa, akajishikilia, mkono mmoja umeenda nyuma kumdaka mtoto.

Zotiko alimsogelea Trofimo hadi wakabaki na upana wa jeneza tu kati yao. Akazungumza polepole.

"Sikuulizi nani kaua. Nakuuliza kuhusu rafiki yako. Tangu jana yuko ukingoni mwa mto. Mvushaji kamfikia, kanyoosha mkono. Hermogene kampa ulichomwekea." Akaiweka sarafu juu ya ubao wa jeneza, uso juu. "Mwambie mvushaji afanye nini na hii."

Trofimo aliinama. Alipitisha kidole gumba juu ya donge la jicho.

"Ilikuwa giza," akasema.

"Nyamaza," Menekrati akasema.

"Taa ilianguka. Nilipapasa kwenye fuawe, nikaokota iliyokuwa hapo. Nikajua ni mpya, basi. Sikuitazama." Akaiinua, akaileta karibu na macho yake ya kizee. "Hii ni mbovu. Hii hata mchuuzi wa maharage hatoipokea. Yuko kule anafukuzwa kama mwombaji."

"Mlevi huyu," Menekrati akamwambia askari. "Mji mzima unamjua."

"Sinywi tangu mke wangu afe, na wewe ulikuja matangani," Trofimo akasema, bado anaitazama sarafu. "Hermogene alikuambia, 'Basi.' Alikuonyesha ufa, akakuambia, 'Bwana, ukiteremka jichoni ni kichwa changu na chako.' Ukasema kesho watu watahesabu umewarushia kiasi gani, si ngapi zina ufa. Ukasema, 'Piga.' Nikapiga mimi. Mimi ndiye niliyemtoboa jicho. Yeye akasema atamsubiri mtu wa liwali njiani, amweleze mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine, na ataje nani aliamrisha. Nyundo nilikuwa nimeiweka chini. Wewe ukaiinua. Alikuwa amekupa kisogo, anafunga ngozi yake ya mbuzi."

Katika umati hakuna aliyeonekana kumwamini Trofimo, wala aliyetaka kumwamini. Nyuso nyingi zilimkazia Zotiko, kana kwamba ndiye aliyewaharibia sikukuu.

"Ukanipa muhuri," Trofimo akamalizia, "ukaniambia nikisema, wanangu watauzwa. Umo chini ya majivu ya tanuri, mkono wa kushoto. Kaizari yumo humo."

Mpaka hapo askari wa liwali alikuwa anasikiliza kama mtu anayengoja ugomvi wa wengine uishe. Neno la mwisho lilimwinua kichwa.

"Rudia," akasema. "Uso wa Kaizari uko wapi?"

"Chini ya majivu."

"Nani ameuweka chini ya majivu?"

Trofimo hakunyoosha kidole. Aligeuza uso tu, na nusu ya mji ikageuka pamoja naye.

Zotiko alimkabidhi askari kile kipande cha chuma. "Hili ndilo jicho lililokosekana. Utalipima mwenyewe."

Askari alikishika kwenye kiganja kikavu, akakikodolea. Kwa mchongaji aliyelala jenezani hakutupa hata jicho. Kwake mtu mmoja wa shaba amekufa Ordanda, na wako wengi. Lakini aliyelala kwenye majivu alikuwa ndiye aliyemlipa mshahara.

"Bwana Menekrati," akasema, "tutatembea pamoja mpaka tanurini. Na huyu mwenye nyundo. Na baada ya hapo mpaka kwa liwali."

"Unajua unaongea na nani? Mimi ni mkuu wa..."

"Najua. Jina lako nimelisoma kwenye sarafu." Kisha akaitazama kamba mkononi mwake kama mtu aliyesahau kwa nini aliibeba. "Huyu mwanamke sina kazi naye tena. Chukueni."

Akaiachia. Hakuna aliyeichukua. Ilianguka mavumbini.

"Nipe muda kidogo, afande," Trofimo akasema. "Kidogo tu. Halafu niue ukitaka."

Aliingiza vidole mdomoni, akatoa shavuni sarafu ya zamani, ile ambayo watu wa sokoni hubeba humo wakiwa wameshika mizigo. Ilikuwa imesuguka na kuwa laini pande zote mbili. Hukuweza kujua ni Kaizari gani, wala ni mji gani, wala nani alilipia shaba yake. Aliipangusa kwenye kanzu, akamfungua rafiki yake mdomo, akaiweka juu ya ulimi.

"Hii haina uso kabisa," Zotiko akasema.

"Haina. Lakini imepita mikono ya watu, na hakuna aliyeikataa."

Askari akamshika mkono. Menekrati alitangulia mbele yao kurudi mjini, joho begani, na watu wakampisha kwa adabu ile ile ya jana. Baadhi waliinama.

Zotiko alinyoosha mkono afunge kitambaa cha taya, alichokifungua asubuhi. Mkono mwingine ukausukuma wake.

"Toa mkono," Amia akasema. Kamba ilikuwa bado inaning'inia kwenye kiwiko chake. "Wewe ulimfungua. Hujui kufunga."

Kitambaa kilikuwa kimeganda damu. Aliking'oa, akakitupa, akafungua ncha ya mbeleko na kuichana kwa meno upana wa vidole viwili. Akaipitisha chini ya kidevu cha Hermogene, akaifunga juu ya kichwa kwa fundo la kufungia mtoto, ambalo halikazi na haliachii. Mgongoni mtoto aliamka, akalia. Amia hakumtuliza mpaka alipomaliza.

"Haya," akawaambia wafua shaba. "Mnyanyueni. Kachelewa."